Wamemuua Tamara na Hata Hawana Aibu

Jamani, kichwa changu kimekataa kabisa. Tamara amekufa. Wamemuua na kumzika jana jioni, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la unga, na wewe ulikuwa hapo na sahani yako ukitazama.

Kwa wale hawanijui, mimi ndiye nilikuwa namvalisha. Ile soap yenu ya jioni kwa TV, ile haiishi, mimi nilikuwa mtu wa wardrobe. Tamara aliingia akiwa msichana wa shule, soksi moja juu, moja chini. Hiyo soksi ilikuwa idea yangu. Ndiyo kitu pekee kwa maisha yake ambacho hakikuandikwa na wale wajinga.

Ndio, nimesema wajinga. Piga screenshot uwapelekee.

Mnakumbuka walivyomfanyia? Mamake akatoroka. Akafukuzwa shule. Akapewa mimba, mimba ikapotea kwa script na hakuna mtu aliuliza ilienda wapi. Akaanza pombe. Akatekwa nyara. Akaokoka, akaacha kuokoka. Yote hayo akiwa Form Three, mtoto alikaa Form Three mpaka serikali ikabadilika.

Kila ratings zikishuka, producer wetu, mimi humwita Bwana Vision, alikuwa anasimama pale ofisini Westlands na glasi yake ya maji ya ndimu. "Guys, sasa tumfanyie Tamara nini?" Na writers wote wanacheka. Watu wazima na digrii zao.

Muthoni, msichana aliyekuwa anamwigiza, aliwahi kuwaomba kitu kimoja tu. "Boss, mwacheni afanye mtihani apite. Scene moja."

Hakuwa anaringa. Muthoni hawezi kununua sukuma wiki Kilimani bila mama fulani kuvuta binti yake kando, ati huyo ni Tamara. Kule Kikuyu kwa shosho, nyanya yake, kanisa lilikuwa linamwombea aache pombe. Muthoni! Mtoto hata soda hamalizi.

Bwana Vision akamjibu, "Baby girl, furaha haiuzi." Baby girl! Nkt!

Basi Muthoni akasema yeye anaenda zake chuo. Ndio wakaamua Tamara afe.

Mazishi tuli-shoot kwa kanisa moja huko Muthangari, wiki kadhaa zimepita. Extras wa kujaza viti hawakuja, kwa sababu hakuna mtu alikumbuka kuwapigia simu. Bwana Vision akaangalia viti vitupu, akajishika kidevu. "Wow. Powerful. Hivyo hivyo, roll."

Tamara akazikwa na pasta wa kuigiza, na mimi nikiwa nyuma ya kamera na mwavuli. Miaka yote hiyo ya kuwaliza nyinyi, na hakuna hata jirani mmoja alikuja.

Sasa sikizeni hii. Kifo tulikishoot baada ya mazishi, TV ndivyo ilivyo, na siku hiyo simu zetu zote ziliingia kwa ndoo, ndio mtu asivujishe story. Simu zetu zikiwa kwa ndoo, watu wa social media wakaposti teaser. Picha ya Muthoni, black and white, mshumaa kando. "Umetuacha mapema mno. Mipango ya mazishi itatangazwa." Jina la soap hawakuweka. Ati ndio i-trend.

Ika-trend mpaka Kikuyu.

Na mnatujua sisi. Mkenya akiona picha kama hiyo haulizi maswali, analeta viti. Shosho akapiga simu ya Muthoni, ikalia ndani ya ndoo mpaka ikachoka. Tulipozichukua jioni, kwa shosho tent ilikuwa imesimama, wamama wa kanisa wanamenya viazi, na kamati ya mazishi iko na chairman na group ya WhatsApp.

Tukarukia taxi, Muthoni akilia njia yote. Kushuka tu hivi, wamama wakapiga nduru. Mmoja aliangusha sufuria.

Shosho hakupiga nduru. Alimshika uso, akamvuta masikio, akamfinya mikono kama mtu anachagua kuku. "Ni wewe?"

"Ni mimi, shosh. Ni ule msichana wa TV ndio amekufa."

Nikampigia Bwana Vision aombe huyu mama msamaha. Unajua alisema nini? "Ghai! Wamama bado wako hapo? Naeza tuma kamera?" Nikamkatia simu. Hiyo ndiyo resignation yangu, HR wanaweza kuprint.

Chakula kikapakuliwa, watu wakaanza kucheka kwa ile furaha ya kuponea. Shosho alikaa na sahani kwa mapaja. Huyu mama alimchukia Tamara jameni. Alikuwa anazima sauti ya TV ndio majirani wasisikie vile Tamara anatukana.

Halafu akauliza, "Na huyo mwingine? Alizikwa na nani?"

Muthoni akaniangalia. Nikasema ukweli. "Hakuna mtu, shosh. Ilikuwa tu viti."

Akaweka sahani chini. Akaita chairman. "Watu wako hapa. Chakula iko. Mtoto hawezi enda hivyo."

Chairman akadhani ni mchezo. Shosho akamwangalia tu, na mzee wa watu akavua kofia. Wakasimama wote chini ya ile tent, wakamwombea Tamara kwa jina, wakamwimbia. Muthoni aliimba pia. Mama mmoja akanigusa bega akaniuliza alikuwa mtoto wa aina gani.

Mimba, pombe, kutekwa, yote yalinitoka kichwani. Nikamwambia, "Alikuwa anasahau kuvuta soksi moja."

"Kama wangu," akasema, akapangusa macho.

Tamara, usijali ile episode ya jana, ile ya viti. Ulizikwa Kikuyu, na watu walijaa mpaka nje ya tent. Lala salama, mrembo wangu. Hakuna mtu atakuandikia shida ingine tena.