Taa Ikazimwa

Jana mjukuu wangu, anayesoma chuo, alipekua sanduku langu la vitabu hapa Oud Metha, akaibuka na riwaya iliyoliwa pembe na mende. Alipoimaliza alinijia. "Babu, nyinyi nyote husema hadithi hii ni ya taa kuzimwa. Mbona haizimwi hata mara moja?"

Nikacheka, kisha nikanuna.

Wewe ngoja nikueleze. Nyumba yetu ya zamani, hapa hapa Dubai, alasiri ilinuka iliki na mafuta ya mandazi. Bibi akikaanga, shangazi akikuna nazi, jirani akija na buli lake la kahawa na maneno ya watu. Wao Kiswahili walikisoma kwa herufi za Kiarabu. Za kizungu nilizijua mimi, mtoto wa skuli, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi.

Riwaya ilimhusu binti wa dobi. Alitaka nyumba ya ghorofa, na alimtamani fundi baiskeli. Akaolewa na tajiri. Kila nilipofika penye kitanda mashavu yaliniwaka, nikaruka kurasa na kusema, "Taa ikazimwa."

Jirani alichoka. "Nyumba gani hii, taa inazimwa hata adhuhuri? Wamekatiwa umeme?"

"Kunywa kahawa yako," bibi akamjibu.

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameposwa na mfanyabiashara mwenye nyumba kubwa, na moyo wake uko kwa dereva wa lori. "Baba," akaniuliza, "huyo mwanamke, kwa tajiri wake alipata raha? Au alipata nyumba tu?"

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, ukurasa mzima: amelala macho wazi, mwili wake kama nguo iliyopigwa pasi ikafungiwa kabatini.

"Kitabu hakisemi, shangazi. Taa ilizimwa."

Akamkubali mfanyabiashara. Sisemi mimi ndiye niliyemwoza, lakini aliniuliza mimi. Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba mwanamke akitaka ghorofa ataitwa mtaka makuu, akitamani mtu ataitwa malaya, na kaka yake akitaka vyote viwili watamtafutia mchumba.

Bibi hayupo, jirani hayupo, nyumba ile sasa ni maegesho ya magari. Shangazi alipougua kwa mara ya mwisho nilimkuta katika ile nyumba kubwa, chumba chake peke yake. Nilipoaga, nikanyoosha mkono kwenye swichi ili apumzike.

"Wewe msomaji," akasema, "leo iache."