Cheti Kilichokataliwa Banda la Tatu

Wilai alikuwa fundi wa mwaka wa tisa kwenye mabanda ya maua ya okidi ya Bi Bunma, huko Nakhon Pathom, lakini siku hiyo alijiona kama hajawahi kushika mashine maishani. Asubuhi aliipa seva kuu cheti kipya cha utambulisho, kisha akapita banda kwa banda kukiingiza kwenye orodha ya wanaoaminiwa na seva ndogo ya kila banda. Seva isiyokiamini cheti haisikii amri, na bila amri manyunyu hayafunguki. Banda la kwanza likakubali, la pili likakubali. La tatu likagoma: muda wa cheti umekwisha.

"Umekwishaje? Si nimekiunda leo hii!"

Akaunda kingine. Umekwisha. Akazima, akawasha. Umekwisha!

Na hilo banda la tatu ndilo lenye mche aliouotesha Bi Bunma mwenyewe tangu mbegu, miaka sita sasa, na tumba lake la kwanza. Rangi yake hakuna aliyeijua. Joto likizidi, tumba hudondoka. Bi Bunma alikuwa ananyunyiza kwa bomba la mkono, jasho linamtiririka.

"Mwanangu, bibi wa ardhi, mzimu anayelinda mabanda haya, umemsalimu?"

"Bi mkubwa, haya ni mambo ya namba."

"Namba zenyewe si zimekushinda? Mpe soda yake!"

Wilai akaweka soda nyekundu ya sadaka juu ya kabati la seva, na mrija ndani. Wapi! Umekwisha.

Saa nane akakata tamaa, akafungua daftari la matengenezo aandike kwamba ameshindwa. Akaandika tarehe: 9 Aprili 2568. Kalamu ikasita.

Akatazama kioo cha seva ya banda la tatu: 2568. Tangu asubuhi alikuwa akiuona mwaka huo na haukumshtua hata chembe, maana ndio ulio kwenye kalenda ya Kibudha ya ukutani, kwenye leseni yake, kwenye kila kitu hapa kwao. Lakini seva huhesabu kizungu, na kizungu ni 2025. Jana yake alibadilisha betri ya seva hii, akaipanga saa kwa kutazama kalenda. Kwa seva hiyo, cheti cha leo kilikufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

Alaa! Akarekebisha mwaka. Manyunyu yakashuka papo hapo.

"Si nilikwambia?" Bi Bunma akapaza sauti. "Bibi wa ardhi huyo!"

"Siye, bi mkubwa. Ni mimi. Saa niliipanga mwenyewe, nikaandika mwaka wetu."

Bi Bunma akaugeukia mche wake. Tumba lilikuwa chini, kwenye changarawe. Akainama, akaliokota, akalipasua taratibu kwa ukucha.

"Njano," akasema. "Ina madoa mekundu. Njoo uone, na wewe umelingoja."