Mwendo wa Saa Moja na Nusu

Kiwanja cha kwanza cha ndege nilichokiona maishani kilinuka samadi. Kilikuwa nje kidogo ya Mbarara: njia ndefu iliyonyooka, majani pande zote, na ng'ombe wa pembe ndefu waliokula kando yake bila haraka yoyote. Nilikuwa mtoto, nimemshika mkono bibi yangu, tuliyemwita Koko kama wanavyoitwa mabibi kwetu Kivu. Koko alikuwa na swali.

Swali lilianzia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, msimu wa mvua ambao familia yetu ilipata kibali cha kuhamia Australia. Mama alikuwa na mimba, na mdogo wake, Tantine Riziki, pia. Lakini walipangiwa miji miwili tofauti, kila mmoja na kiwanja chake kidogo cha ndege. Nyumbani kwetu mtoto mchanga huogeshwa na bibi yake, kwa maji ya vuguvugu na mafuta, akinyooshwa viungo kimoja kimoja. Aliyeogeshwa na mtu mwingine ni kama hajaogeshwa. Koko akatangaza kwamba asipoweza kuwaogesha wajukuu wote wawili, hapandi ndege, atabaki na maharage yake.

Tuliokolewa na jirani yetu Papa Safari, ambaye zamani alibeba mizigo kwenye uwanja wa ndege huko Kongo, na kwa sababu hiyo mtaani alihesabiwa kuwa nusu rubani.

"Koko, toka kiwanja kimoja mpaka kingine ni saa moja na nusu tu."

"Saa moja na nusu? Basi ni karibu kupita Mbarara!"

Hakukosea. Mvua zikinyesha, gari la Mbarara lilikula nusu siku, na abiria tulishuka kulisukuma kwenye matope. Koko akawaeleza majirani mpango wake: asubuhi ataogesha wa Mama, mchana atapanda ndege akaogeshe wa Riziki, jioni arudi kulala. Mama mmoja alimwomba apitie kumsalimia dada yake Kanada, kwa kuwa yuko njiani.

Ila Koko hakuridhika na shahidi mmoja. Mama alipoitwa Mbarara kupimwa, Koko alitusindikiza, akadai tupitie kiwanjani. Mlinzi wa getini alikuwa mwanajeshi mstaafu.

"Muzee, ndege itakuya saa ngapi?"

"Leo hapana ndege, mama."

"Na kesho?"

"Kesho pia hapana."

"Sasa batu banangojea fasi gani?"

"Nyumbani kwao."

Koko aliwaaga ng'ombe, tukarudi kambini. Papa Safari alipokuja jioni kupokea sifa zake, alimkuta amejiandaa.

"Weye ulinihesabia kuruka tu. Kungojea nani atanihesabia?"

Alikubali kusafiri, baada ya kumwamuru Tantine asizae kabla ya kumwita.

Leo simu yangu inataja saa moja na robo kati ya miji ile, matumaini makubwa kuliko ya Papa Safari. Haisemi kwamba hakuna ndege ya moja kwa moja, kwamba kwanza unapelekwa mji mkubwa ulio upande mwingine kabisa, wala kwamba Koko hakuweza kusafiri peke yake na Mama hakupata likizo. Alipofika kwa Tantine, mjukuu alikuwa keshajua kukimbia, na alipoona maji, akakimbia. Koko alimkamata chini ya meza, akamwogesha, akamnyoosha viungo vyote kimoja kimoja, mtoto akipiga mateke, na Tantine Riziki akicheka huku analia mlangoni.