Gundi Ilikauka Nikisoma Yasini

Bunduki yangu ilikuwa ya kulengea shabaha, ya bolti, komeo la chuma unalolivuta kwa mkono kila risasi. Aliyenipeleka klabu ya walenga shabaha mara ya kwanza ni mwenzangu wa karakana ya mabasi, na alipofariki nikaendelea peke yangu kila Jumamosi. Polisi walinipa kibali, fundi akanifungia kabati la chuma la kuiwekea chini ya ngazi, na ufunguo wake sheria inataka nishike mimi tu. Mke wangu hajui hata mahali ninapouweka. Miaka yote hiyo nimemshukuru Mungu kwa jicho na kwa mkono.

Majira ya baridi yaliyopita risasi zilianza kutawanyika. Nililaumu mbao, ile inayobeba chuma cha bunduki. Nyumba yetu hapa Harrow, ughaibuni, ina unyevu, na mbao ikivimba inausukuma mtutu pembeni. Sikujiuliza jambo jingine. Nikaamua kuifungua bunduki yote, niisafishe, kisha nikilaze chuma upya ndani ya mbao juu ya tandiko la gundi ili kisicheze.

Asubuhi, baada ya kuswali dhuha, nilitandika gazeti juu ya meza ya jikoni. Nilichomoa bolti, nikafungua skrubu mbili za chini, nikainua chuma. Nilikwangua mbao, nikapaka chuma nta ili gundi isikishike, nikachanganya gundi ile ya mirija miwili na kuimimina. Nikakilaza chuma, nikakaza skrubu kwa vidole tu.

Saa sikuitazama. Nimehifadhi msahafu wote tangu utoto, na kazi za mkono nimezoea kuzipima kwa kusoma. Yasini moja kwa mwendo wangu ni robo saa. Zikitimia mbili, gundi inakuwa laini kama ufizi; hapo unalegeza skrubu kidogo na kukata iliyofurika. Ukichelewa, inashika kwenye nyuzi za skrubu na hazitoki tena.

Nikakaa, nikaanza kusoma. Mke wangu alikuwa sebuleni akipiga pasi.

Katika sura hiyo kuna aya mbili, moja huku nyuma na moja mbele, zinazoanza kwa maneno yale yale, zikitaja ukelele mmoja. Utotoni, katika chuo cha Kurani, hapo ndipo mwalimu alipotungojea na bakora. Ukifika ya pili na ukaimalizia kwa mwisho wa ya kwanza, unarudi nyuma bila kujua, unasoma vizuri kabisa, mpaka unafika tena hapo hapo. Mimi nilikuwa nasoma kwa raha, mkono juu ya mbao, sina wasiwasi.

Mke wangu aliacha pasi, akaja akasimama mlangoni na tasbihi mkononi.

"Mwenzangu, hiyo Yasini yako leo haina mwisho?"

Nikamwambia ndiyo kwanza nakaribia kumaliza ya kwanza.

"Umerudi pale pale mara tisa. Mwanzo nilidhani unazidisha thawabu. Kisha nikaanza kuhesabu."

Nikasema amesikia vibaya. Nikachukua bisibisi. Skrubu ya mbele haikugeuka, ya nyuma nayo haikugeuka. Saa ya ukutani ilionyesha karibu saa nzima imepita. Gundi iliyofurika ilikuwa ngumu kama jino.

Akavuta kiti, akakaa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba si mara ya kwanza. Ramadhani, nilipokuwa nasalisha tarawehe, alinisikia kutoka upande wa wanawake nikisahihishwa mara tatu katika rakaa moja, na tulipotoka nikamwambia koo linanisumbua. Koo nililikumbuka. Kusahihishwa sikukumbuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba Kurani inakutoka?"

Nilikuwa nimetegemea kuingia nayo kaburini. Hiyo tu ndiyo mali niliyoingia nayo nchi hii, na sikuwahi kuogopa kwamba yenyewe ndiyo itakayoniacha kwanza.

Kisha akaniomba ufunguo wa kabati. Nikamwambia sheria hairuhusu.

"Basi bunduki itoke leo," akasema, "kabla hujasahau kwamba tumezungumza."

Nilimpigia muuza bunduki mwenye leseni aje kuichukua, kisha daktari, naye mke wangu akiwa amesimama pembeni yangu mpaka nilipokata simu ya pili. Muuza bunduki alikuja mchana. Aliigeuzageuza, akasema chuma kimelala sawasawa, kazi safi, ila haifunguki tena. Akaondoka nayo pamoja na bolti. Jioni ile ile niliwaandikia polisi kwamba sinayo tena.

Siku ya kuonana na daktari bado. Kila siku baada ya alasiri mke wangu anafungua msahafu, mimi nasoma kwa moyo, na nikikosea pale penye ukelele anagonga meza kwa kidole. Namshukuru Mungu kwa kidole kile. Jana aligonga, nikanyamaza kutafuta maneno yanayofuata. Aliningoja. Aliningoja mpaka chai ikapoa, kisha akayasoma yeye.