Mashine Iliyotoka Chumbani kwa Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mumeo akikuambia kuwa umezirithi kwa bibi yako, ujue ameshindwa hoja. Lakini sijawahi kumkasirikia mtu huku nikimpenda kama nilivyomkasirikia baba mkwe wangu, siku mbili zile za kompyuta.

Nilitokea Iringa, nikapangiwa kufundisha kompyuta sekondari huko Issenye, nikaja kuolewa Kerende, huku Nyamongo, na kijana aliyekuwa na sehemu yake kwenye shimo la dhahabu, wenyewe huliita duara. Miaka ile dhahabu ilikuwa imepamba moto na kila mtu alikuwa na kitu kipya: pikipiki, bati, redio kubwa ya kuudhi majirani. Baba mkwe, mkalimani mstaafu wa mahakama, alinunua kompyuta ya mtumba kule Sirari, mpakani, na kuifungia chumbani kwake. Nyamongo imejaa wageni, alisema, na kitu kisichoonekana hakiibiwi. Majirani hawakujua kabisa kwamba anayo.

Nami ndiye fundi pekee wa kompyuta katika ukoo mzima, na chumba kile sikuruhusiwa kukikanyaga. Kwa Wakurya mke wa mwana haingii chumbani kwa baba mkwe. Hata kiti alichotoka kukikalia sikikalii. Nilizoea haraka, maana mzee mwenyewe, niliyemwita tata, yaani baba, aliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Sasa sikia. Daktari wa Mwanza alimwambia koo lake lazima lifanyiwe upasuaji, na sauti huenda isirudi. Alitakiwa kuondoka Jumatatu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Siku moja akaniita uani, akasimama mbali kidogo kama kawaida yake.

"Mkwe, mtoto wako atazungumza Kiswahili cha Iringa. Nani atamfundisha majina ya vitu kwa Kikurya?"

"Si wewe, tata."

"Kwa sauti ipi?"

Niliingia ndani nikalia, kisha nikaanza kumwandikia programu. Ilikuwa rahisi tu: inaleta neno la Kiswahili, unabonyeza, unalitamka kwa Kikurya kwenye maiki, inahifadhi. Simu yake ilikuwa ya tochi, haina uwezo huo. Laptop niliyokuwa nayo ingeweza, ila ilikuwa ya shule, na mzee alisema sauti yake hailali kwenye mali ya serikali. Halafu kulikuwa na maneno mengine, ya viungo vya mwili, ambayo hawezi kuyatamka mkwe akisikia. Alitaka kurekodi peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Kwa hiyo ni mashine ile ile, basi.

Ijumaa nikaweka programu kwenye flashi, nikampitishia dirishani. Nikasimama nje ya ukuta, yeye ndani akibonyeza.

"Inasemaje, tata?"

"Inasema maktaba haikupatikana."

Hapo nilijua kosa ni langu. Programu kama ile haizungumzi na maiki moja kwa moja. Hutumia faili dogo linaloitwa maktaba, na kila mfumo wa kompyuta una lake. Laptop ya shule ilikuwa na Linux, nami nilibeba la Linux tu, lile linaloishia na so. Ya mzee ilikuwa Windows, inataka linaloishia na dll. Nikalitafuta, nikalipata kwenye laptop, ndani ya kifurushi kile kile cha programu, flashi ikapita tena dirishani. Nikajiona mjuaji.

Jumamosi asubuhi mzee akajaribu.

"Sasa inasema maktaba imeonekana, ila imekataliwa kuingia."

"Imekataliwa kwa sababu gani?"

"Haijasema vizuri. Imekataliwa tu."

Jamani! Nilimwambia alihamishe faili, akalihamisha. Nilimwambia abadilishe njia ya kulifikia, nikamtajia herufi moja moja kupitia nondo za dirisha, akaandika kwa kidole kimoja. Nilimwambia azime, awashe. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwa Kiswahili kizuri cha mahakamani: maktaba imekataliwa kuingia. Karasha za jirani zilikuwa zinasaga mawe, tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Saa tano nikashindwa kujizuia.

"Tata, nisomee neno kwa neno! Unanificha kitu!"

Nilikuwa nimempandishia sauti baba mkwe, mgonjwa, siku mbili kabla ya safari ya upasuaji. Nikaenda jikoni kwa mama mkwe, nikamweleza yote nikilia, na habari za Linux na Windows nikamweleza pia, sijui kwa nini. Aliendelea kumenya ndizi.

"Ni kama spea ya pampu ya maji," alisema. "Ya Mchina haiingii kwenye ya Mhindi, na zote zinavuta maji. Hata ukipata ya Mchina, kuna ya pampu kubwa na ya pampu ndogo. Hukuuliza ukubwa?"

Kabla sijamjibu tukasikia kitu kinaburuzwa uani. Tulipotoka tulimkuta mzee amekumbatia meza, kompyuta juu yake, nyaya zinamfuata nyuma mpaka mlangoni. Jasho linamtoka. Bodaboda wawili walikuwa wamesimama barabarani wakishangaa. Siri aliyoitunza miezi yote iko uani, jua linaiwakia, na kufika jioni Kerende nzima itakuwa inajua.

"Kama mkwe haingii," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza, "basi mashine itoke."

Aliiweka chini ya upenu, akarudi nyuma hatua tano, akanipisha. Nikainama kusoma. Ujumbe wenyewe, wa Kiingereza, ulikuwa mstari mmoja, na ndani yake kulikuwa na namba mbili waziwazi: maktaba ni ya biti 64, mashine ni ya biti 32. Ukubwa! Mama mkwe alikuwa amepatia akiwa jikoni na kisu mkononi.

"Tata, hizi namba mbona hukunisomea?"

Alishangaa kwa dhati kabisa. "Namba? Mahakamani namba ni kazi ya karani. Mkalimani anatoa maana."

Miaka thelathini mtu anasikiliza maneno ya watu wenye hasira, anayachuja, anayatoa upande wa pili yakiwa safi na yenye adabu. Mashine nayo aliitendea hivyo hivyo. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke tumboni. Nikamwomba radhi kwa kelele zangu. Akasema hakusikia kelele yoyote, karasha zilikuwa zinaunguruma.

Nilichukua mmoja wa wale bodaboda, nikaenda kwenye duka la intaneti Nyamongo, nikasubiri faili dogo lile lishuke kwa mwendo wa kobe. Niliporudi mzee alikuwa bado amekaa kando ya meza akilinda, na watoto wa majirani wameizunguka. Nikaweka faili mahali pake, nikasogea pembeni hadi ukutani. Mzee akakaa, akashika maiki.

"Moja, mbili, tatu. Mkwe, nasikika?"

"Unasikika, tata."

Jumapili karasha huzimwa, watu wakiwa kanisani. Mzee hakwenda kanisani siku hiyo. Alijifungia chumbani na meza yake tangu asubuhi mpaka mchana, na sisi tukakaa mbali kabisa, kwenye shamba la mahindi, tusije tukasikia. Jumatatu akaondoka. Alirudi baada ya wiki tano akiwa mzima, anatembea, anakula, na hana sauti hata kidogo.

Binti yangu sasa anasema Kikurya vizuri kuliko mimi. Amejifunza kwenye mashine, babu yake amekaa kando, akikosea babu anagonga meza. Yako maneno anayoyajua ambayo mimi sijayasikia mpaka leo, na anajivunia hilo vibaya sana.

Kompyuta ile ilikufa, ila sauti nilikuwa nimezihifadhi kwenye flashi. Tukanunua nyingine, ya biti 64, maktaba ikakataa, nikatafuta ya ukubwa wake. Mwaka jana mume wangu akaleta ya tatu, ya mfumo mwingine kabisa, inataka faili linaloishia na dylib, na nayo ikakataa. Hiyo inakaa chumbani kwangu, na mzee naye haingii kwangu. Alisimama nje ya dirisha na fimbo yake, mimi ndani nikamsomea kila ujumbe neno kwa neno, na namba zote. Nikiruka kitu alikuwa anagonga ukuta mara mbili: rudia.

Ilipokubali nikafungua faili la kwanza kabisa, lile la kujaribia, kama ninavyofanya kila mara. Sauti yake ikatoka, inakwaruza, ikiuliza kama inasikika. Nje fimbo haikugonga.

"Unasikika, tata," nikamjibu kupitia dirishani.