Mfumbeni Macho Kwanza

Nakumbuka siku moja ya mvua, hapa hapa kijijini Titye, baba yangu alipokata roho akiwa amekaa. Alikuwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, anachambua maharage ya mbegu. Akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu miguuni. Mama akamwita, kimya. Alipomwinua kidevu, macho yalikuwa wazi lakini hayamtazami.

Mwanangu, mimi si mtu wa safari. Manyovu, ambako wenzangu walivuka mpaka wa Burundi kila siku ya soko, nilifika mara moja nikarudi na malengelenge. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kukaa kwa mama kama kinu. Kwa hiyo siku hiyo nilikuwepo. Kaka yangu mkubwa, Enosi, alikuwa Kibondo akifanya biashara ya mahindi.

"Tumlaze," mama alisema.

"Shemeji, asiguswe," akajibu baba mkubwa, kaka yake marehemu. "Kwetu baba hufumbwa macho na mtoto wake wa kwanza. Enosi atakuja."

"Enosi yuko Kibondo na barabara ni tope tupu! Huyu hapa si mwanawe?"

Baba mkubwa akanitazama kuanzia miguuni, akaguna. "Huyu? Huyu yupo tu."

Nilinyoosha mkono hata hivyo. Akaupiga kwa fimbo yake, mbele ya majirani. Basi ujumbe ukapelekwa na dereva wa fuso, na baba akabebwa ndani pamoja na kigoda chake, akafunikwa blanketi. Watu wakaja, wakalia vizuri sana. Sisi kwa kulia hatujambo.

Enosi alifika kesho yake, tope hadi magotini. Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya macho ya baba. Kope hazikushuka. Akajaribu tena. Kisha akatugeukia.

"Mmemfanya nini baba?"

Aliyejibu ni Bibi Skolastika, jirani yetu aliyekuwa amezika waume wawili na kumkatalia wa tatu. Naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia, katoka Kasulu kwa binti yake. Alifunua blanketi, akaona magoti yamekunjwa, mgongo umepinda.

"Yewe! Mlikuwa mnamngoja nani? Humu ndani hakukuwa na mikono?"

"Ni mila, dada," baba mkubwa akasema.

"Mila gani ya kumwacha mtu kakunjwa kama kuku wa kupelekwa sokoni? Aliyekuwepo ndiye aliyekuwa mkubwa wa siku hiyo, mzee mzima huelewi?"

Wakaleta maji ya moto na vitambaa, wakajaribu kumnyoosha magoti. Ukasikika mlio. Mama akasema, "Acheni," na hakuna aliyethubutu kuendelea. Jeneza lilikuwa limeshachongwa, zuri, limenyooka. Halikumfaa. Tulimzika kwa ubavu, ndani ya mkeka, macho yake yamefunikwa kwa leso ya mama. Enosi aliondoka kabla ya matanga kuisha, na hadi baba mkubwa anakufa hawakusemezana. Mama naye, kila baridi ya kiangazi ilipoingia, alisema, "Baba yenu amelala kama mtu anayesikia baridi." Hakuwa anamwambia mtu. Ila wote tulisikia.

Sasa nisikilize, wewe mtoto wa simu. Mtu akikata roho nyumbani, hakikisha kwanza kwamba kweli hapumui. Mhudumu wa zahanati akiwa karibu, aitwe. Kama kifo ni cha ajabu, cha ajali au cha kupigwa, hapo usiguse chochote; mwite mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Lakini kama ni kifo cha ugonjwa au uzee, fanya kazi machozi yakiwa bado yanakutoka. Mfumbe macho, ushikilie kope taratibu mpaka zitulie. Mfunge kidevu kwa kitambaa safi hadi utosini. Mlaze chali, mnyooshe miguu na mikono kabla mwili haujakaza, maana ukikaza hausubiri kikao cha ukoo. Zima moto wa chumba hicho, joto lisiuharibu mwili, kisha mfunike. Kama ni Mwislamu, waite wenzake upesi, wana utaratibu wao. Halafu ndiyo umwite mwenyekiti na padri au mchungaji, na baadaye ufuatilie cheti cha kifo.

Na hiyo simu, iache mfukoni kwanza. Mama wa marehemu aambiwe na mdomo wa mtu aliyekaa naye, asikute picha ya mwanawe kwenye kundi, ina mishumaa na maua. Anayesafiri, mwacheni asafiri. Atakuta kaburi la kuchimba, atakuta udongo wa kutupia, kazi ya mtoto wa kwanza haiishi. Ila macho hayamngoji.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu. Na siku yako ikifika, akukutanishe na mtu wa karibu, yeyote yule, ambaye mkono wake hautapigwa fimbo.