Zinakokwenda Chupa

Kwenye yadi ya plastiki chakavu ya shangazi yake walimwita Kifuniko, maana mikono yake haikuweza kuiona chupa ikaiacha na kifuniko chake. Kifuniko huku, karatasi kule, chupa ikakanyagwa ikalala. Chupa zikishafungwa robota, lori huja kuzibeba, naye husimama langoni akilitazama mpaka kona ilimeze. Tangu utotoni alitamani jambo moja tu: kujua zinakuwa nini huko ziendako. Wengine walisema ndoo, wengine nyuzi za blanketi. Dereva, mtu wa mizaha, alisema meno ya bandia.

"Utasoma biashara," shangazi alimwambia asubuhi ile wakienda chuoni kuchagua kozi. "Magoti yangu yameshaniaga. Yadi ataiangalia nani?"

"Nimekusikia, shangazi."

"Kusikia umesikia. Naogopa unachowaza."

Mshauri wa wanafunzi, mama mpole mwenye kikohozi, aliwaketisha ofisini akawaeleza taratibu. Biashara hufundishwa papo hapo. Usimamizi wa mazingira nao upo. Sayansi ya plastiki ipo tawi la mbali, miaka mitatu, na nyuma ya madarasa kuna kiwanda cha kuyeyushia chupa.

Kifuniko aliposikia kiwanda, akili ikamtoka ikatangulia huko. Mikono, ilipoachwa peke yake, ikashika kazi iliyoizoea. Ikachukua chupa ya mezani, ikaifungua, ikamimina kilichomo kwenye chungu cha maua, ikabandua karatasi. Kisha mguu ukamalizia. Kraa.

"Dada," mshauri alisema polepole, "hiyo ilikuwa dawa yangu ya kifua."

"Basi ua halitakohoa," shangazi akasema, na kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akafuta machozi, na kicheko kilipokwisha bado alikuwa anafuta. Akainama kwa taabu, akaiokota ile chupa bapa, akaiweka mapajani mwa binti wa kaka yake.

"Mwandikie hiyo ya mbali," akamwambia mshauri. "Kwangu umebaki mwili wake tu. Mwenyewe alishapanda lori zamani."

"Na yadi, shangazi?"

"Magoti ni yangu, nitabembelezana nayo. Wewe ukifika, niambie zinakuwa nini. Miaka yote nauza, sijawahi kujua."

Jioni lori lilipoondoka na mzigo, shangazi, ambaye siku zote huligeuzia kisogo, alijikongoja hadi langoni. Wakasimama wawili, hata baada ya kona kulimeza.